Zawadi Hakuitika

Mpendwa dada yangu, mama Zawadi,

Nianze na mwisho, maana nakujua, macho yako yatarukia chini kutafuta jina la mtoto. Zawadi yuko hai. Narudia: yuko hai, mzima, hana hata lengelenge moja. Hivi ninavyoandika amekaa chini ya meza ya cherehani yangu, anamvalisha mdoli wake vipande vya vitenge, na amenivimbia kwa sababu nimemnyima mkasi. Ukishalielewa hilo, tafuta pa kukaa, ndipo uendelee kusoma. Ghorofa letu la Mwanga, Kigoma, limeungua, na mwanao alikuwa ndani.

Barua hii siifungi, naiacha wazi makusudi. Nampa mama mmoja anayevuka ziwa na boti za Kibirizi, naye akishindwa kukupata atampa mwingine. Kila atakayeishika, tafadhali, aisome, kisha aulize watu alipo: nani anamjua mwanamke wa Uvira anayechechemea mguu wa kushoto, aliyerudi ng'ambo kumtafuta mumewe? Mkimwona, mwambieni mtoto wake yupo. Mengine atayasoma mwenyewe.

Mimi tangu siku ile sijielewi, dada. Unajua mdomo wangu, haufungi hata nikilala. Sasa mtu ananisalimia njiani, namtazama tu. Juzi nimeshona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo, na sikugundua mpaka mwenyewe alipokuja kulijaribu. Akaniuliza, "Fundi, hii ni ya kuvaa au ya kutegea ndege?" Zamani ningemjibu, na ungelisikia jibu langu hadi huko Uvira. Safari hii nikaanza kufumua tu.

Unakumbuka siku mlipohamia mlango unaotazamana na wangu, ghorofa ya tatu? Wenzako wengi walikuwa wameshapelekwa kambini kwa wakimbizi, wewe ukabaki mjini kwa kibali cha matibabu ya mguu. Ulikuja na sufuria na mtoto, basi. Nilikusalimia, ukaniitikia kwa Kiswahili chenu kile cha "batu" na "batoto", nikacheka mpaka nikashika ukuta. Ukanikazia macho. "Unacheka nini? Miye nasema Kiswahili. Wewe unasema nini?" Nikajua hapa nimepata mtu. Jioni ile nikakuletea mawese na dagaa, nikakuambia usinione hivi, bibi yangu mwenyewe alitoka ng'ambo, na Ujiji nzima ukiikwangua kidogo utakuta bibi wa ng'ambo.

Tukaanza kugombana nani mkubwa. Wewe ulisema wewe, mimi nikasema mimi, na hakuna aliyekuwa na cheti. Ulitaka Zawadi aniite mama mdogo, mimi nikamfundisha kuniita mama mkubwa, mtoto akachanganyikiwa, akawa ananiita "mama wa mlango ule". Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu, kisha nalia.

Ghorofa lile tulilionea fahari, tuseme kweli. Mtu akielekezwa njia sokoni anaambiwa, ukiliona ghorofa, kata kushoto. Chini maduka, juu sisi: wewe na wenzako wachache wa ng'ambo, watumishi wa serikali walioletwa na kazi kutoka mikoani, na mimi wa hapahapa niliyechoka kupanda gari kila asubuhi kutoka Ujiji. Madirisha yote yana nondo. Ngazi ni ileile moja, ya kupandia na ya kushukia. Tulilalamikia maji kutopanda juu, tukalalamikia popo, tukalalamikia harufu ya dagaa wa jirani. Ngazi hakuna aliyeitaja hata siku moja.

Sasa nikukumbushe mchana ule ulioniita ndani, ukafunga mlango, ukaniambia nitazame. Zawadi alikuwa anacheza na vifuniko vya soda sakafuni. Ukasema, wala hukupaza sauti, "Zawadi, batu." Mtoto akapotea. Wallahi, niligeuza shingo tu na mtoto hayupo. Ukanicheka, ukaniambia haya, mwite. Nikamwita. Nikachungulia uvunguni, hayumo. Nikamwita kwa jina, nikamwita kwa mapenzi, nikamwahidi andazi, nikatishia kumchapa. Kimya, chumba kile kidogo hivyo! Ndipo ukasema polepole, kama mtu anayepakua chakula, "Uji umepoa." Akatoka nyuma ya gunia la mkaa, uso mweusi tii, anacheka.

Mimi sikucheka. Nikakuuliza ni mchezo gani huu. Ukaniambia kule kwenu walikuja wauaji wakiita watoto kwa majina. Majina waliyajua, maana wengine walikuwa majirani. "Batoto walioitika, waliisha," ulisema. Ukamfundisha wako asimwitikie mtu yeyote, asitoke hata akisikia "toka", asijifiche uvunguni kwa sababu kila mtu huangalia uvunguni, na angoje maneno yale mawili tu, tena yasemwe taratibu, maana mtu mwenye nia mbaya huwa na haraka. Nikakujibu kwa ujinga wangu, "Dada, huku kwetu hakuna watu hao." Ukanitazama kwa huruma. "Hata kule habakukuwako," ukasema, ukaendelea kuchambua mchele.

Na siku ya Kibirizi, boti imeshajaa, watu wanakupigia kelele upande, wewe umenishika mkono hutaki nikuage. Hukuniambia mtoto ale nini wala alale saa ngapi. Uliniambia, "Usimwachishe ile." Nikakuahidi. Kila Ijumaa nikitoka kuswali nilikuwa namjaribu, naye hakukosea hata mara moja, nami nikawa namsifu. Mungu ndiye anajua nilivyokuwa namsifu.

Baada ya wewe kuondoka, ghorofani pakaanza wizi wa nguo kambani. Wenzako wa ng'ambo ndio waliogopa zaidi. Walisema leo ni shuka, kesho ni mlango. Tukakaa kikao, tukakubaliana mwenye nyumba aweke geti la chuma pale chini ya ngazi, lifungwe kwa kufuli. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono, tena nilinyoosha yote miwili. Mwenye nyumba akamleta fundi wa kuchomelea.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Zawadi alikuwa na homa kidogo, nikampa dawa na uji, akalala kwangu. Nikavuka barabara kwenda barazani kwenye cherehani yangu, mahali ambapo nikiinua macho naliona dirisha langu. Fundi alikuwa chini ya ngazi anachomelea, na pale pale chini ya ngazi, unapakumbuka, ndipo yule mfanyabiashara wa mawese alipokuwa anaweka madumu yake na magunia matupu yaliyolowa mafuta. Tulipita hapo kila siku, tukakunja pua, tukainua kanga zisichafuke. Cheche zikaangukia magunia.

Nilisikia kwanza kelele. Nikadhani mwizi. Kuinua macho, naona ngazi inatoa moshi kama tanuri la matofali, na watu wa dukani wanakimbia na ndoo. Wakamwaga maji. Lahaula! Moto uliruka, dada, uliruka juu na kusambaa pembeni, ukamshika fundi mikono yote miwili. Sisi watu wa Kigoma tumekaanga na mawese tangu kuzaliwa, hakuna asiyejua tone la maji kwenye mafuta ya moto linafanya nini, na bado tulikimbilia ndoo. Mama mmoja anayeuza maandazi ndiye aliyepiga kelele, "Mchanga! Leteni mchanga, msimwage maji!" Kulikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi upande wa pili wa barabara. Watu wakauchota kwa mikono, kwa karai, kwa kofia.

Waliokuwa juu walishuka kabla ngazi haijashikwa vizuri, wengine wamejifunika mashuka, wengine wanateleza kwenye mafuta. Nilisimama pale nawatazama mmoja mmoja. Mwalimu wa ghorofa ya nne, yule mpole wa Iringa, akashuka akiwa wa mwisho, anakohoa, macho mekundu. Nikamshika shati. "Zawadi yuko wapi?"

Akashtuka. "Si uko naye? Nimegonga kwako, nimegonga na kwa mama yake. Nimeingia hadi ndani, nimemwita kwa jina, nimepiga kelele toka, toka! Hakuna mtu, mama. Hata uvunguni nimeangalia."

Dada yangu, hapo ndipo nilipoelewa. Yule mwalimu mwenye roho nzuri alifanya kila kitu sawasawa. Aligonga mlango kwa nguvu. Aliita jina. Alisema toka. Akaangalia uvunguni. Na mwanao alikuwa mle ndani anamsikia, amebana pumzi, anafanya vile wewe ulivyomfundisha na mimi nilivyomsifu kila Ijumaa.

Sikuwaza. Mtu akikuambia nilikuwa jasiri, mkatalie. Nilichovya kanga kwenye ndoo mojawapo, nikajifunga puani, nikapita pale walipokuwa wamefunika moto kwa mchanga, huku watu wananivuta gauni wakisema nimerukwa na akili. Moto ulikuwa umekufa karibu wote. Moshi ndio ulikuwa hai. Ulipanda na ile ngazi kama bomba, mweusi, wa plastiki na mafuta, na kwenye ghorofa ya pili sikuuona hata mkono wangu. Nikapanda kwa magoti na viganja, maana chini ndiko kulikobaki hewa kidogo. Mwalimu alinifuata nyuma, namsikia anakohoa.

Mlango ulikuwa wazi. Nikaita, "Zawadi!" Nikaita tena. Nilikuwa nalia na kukohoa na kupiga mayowe, yote pamoja. Nikapapasa nyuma ya kabati. Nikapapasa nyuma ya mapipa ya maji. Hakuna. Ndipo nikakumbuka maneno yale, nikayapigia kelele, "Uji umepoa! Zawadi, uji umepoa!" Kimya. Nikadhani amekwisha kufa.

Kisha nikakuona wewe, umekaa unapakua. Hukuwahi kuyasema kwa kelele. Mtu mwenye haraka ndiye mwenye nia mbaya. Unajua sauti yangu ilivyo, dada, hata nikinong'ona wananisikia hadi kule Bangwe. Nikalala kifudifudi sakafuni, mdomo kwenye saruji, nikavuta pumzi ile iliyokuwepo, nikasema taratibu, kama vile tuna siku nzima ya kukaa na kula: "Uji umepoa."

Tenga langu la vipande vya vitambaa, lile kubwa lililo pembeni mwa jiko, kifuniko chake kikasogea.

Nilimvuta kama nguo. Nikamfunga kanga usoni, tukashuka kwa matako, mimi, yeye na mwalimu, ngazi moja baada ya nyingine. Nje watu wakapiga vigelegele, nikawasikia kama wako mbali sana. Nikamwosha uso kwa maji ya mama wa maandazi. Alikohoa sana, alitapika, tukampeleka hospitali ya mkoa, wakamwangalia kifua siku ile na kesho yake, wakasema yuko salama. Fundi bado amelazwa, mikono imeungua vibaya, muombee. Wengine wote walitoka. Alhamdulillahi.

Lakini si moto ulionitoa akilini. Ni jioni ya siku ile, pale kitandani hospitali. Nilimuuliza, "Mwanangu, hukusikia tukikuita?"

"Nilisikia."

"Ulimsikia na mwalimu?"

"Ndiyo. Aligonga, akaniita."

"Sasa mbona hukutoka, mama?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Alikuwa anasema toka."

Dada, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Kikao kimekaliwa tena. Mwenye nyumba amesema atapaka rangi ngazi na kumalizia geti. Wapo waliopiga makofi. Nilisimama, na sauti yangu ikarudi yote siku hiyo. Nikawauliza, lile geti lingekuwa limeshafungwa Jumamosi, na mwenye ufunguo yuko sokoni, leo tungekuwa kikaoni au matangani? Nikasema shuka ikiibwa itanunuliwa nyingine. Nikasema pale chini ya ngazi pasiwekwe hata ufagio, na huko nyuma wavunje ukuta waweke ngazi ya pili, na kila mlango uwe na ndoo ya mchanga. Wakaniambia naleta maneno ya kigeni. Mwalimu ndiye aliyenyanyuka kuniunga mkono, na mwishoni madumu yakahamishwa na kazi ya geti ikasimamishwa kwanza. Ngazi ya pili wanasema watafikiria. Wafikirie. Mimi sipandi tena.

Kwa hiyo usitutafute ghorofani. Tumehamia Ujiji kwa mama yangu, nyumba ya chini, mlango wa mbele na mlango wa uani, yote inafunguka kwa ndani. Ukishuka Kibirizi panda gari la Ujiji, ulizia kwa fundi cherehani mwenye mdomo. Watakuleta.

Sasa nifike kwenye lile ninaloogopa kukuambia. Nimemwachisha. Uliniomba kitu kimoja tu ukiwa unaingia botini, na nimekivunja. Kila siku baada ya chakula tunafanya mazoezi mapya: nikimwita aitike. Akiona moshi asijifiche, atambae atoke nje, apige kelele nyingi kadiri anavyoweza. Siku za kwanza nilimwita nikiwa mbele yake, uso kwa uso, lakini hakuitika. Alikuwa anaangalia mlango. Siku moja akaniuliza, "Na wale wakija?"

Wewe ulimfundisha kwa kifo ulichokiona, mimi namfundisha kwa kifo nilichokiona, na mtoto ni mmoja. Nimewaza kumfundisha yote mawili, wakati wa kuitika na wakati wa kunyamaza, lakini atajuaje upi ni upi, akiwa mdogo vile, gizani, watu wanapiga kelele? Hata mimi sijui. Nimechagua, dada. Kama nimekosea, njoo unigombeze mwenyewe, kwa Kiswahili chako hicho, nitakaa kimya nisikilize mpaka umalize.

Na yale maneno yako nakurudishia. Siku ile niliyatumia kwa mara ya mwisho, sitayatumia tena. Siku hizi uji ukipoa nasema njoo unywe.

Jana alasiri watoto wa mtaani walikuwa wanacheza kombolela uani. Zawadi akijificha hawampati, unamjua, hakuna anayempata. Wakatafuta mpaka wakachoka, mmoja akaja barazani analalamika, "Mama, Zawadi haonekani, na sisi hatutaki tena kucheza naye." Nikaweka mkasi chini, nikaenda uani, nikaita jina lake.

Kimya. Watoto wakanitazama. Nikaita tena, mara hii kwa sauti yangu halisi, ile ya Bangwe.

Nyuma ya jiko, juu ya lundo la kuni, kikatoka kijisauti kikali: "Abee!"

Watoto wakarukia kule, wakamshika, wakapiga kelele kwamba amefungwa, amejitoa mwenyewe, zamu yake sasa ya kutafuta. Alikasirika karibu alie. Ni mara ya kwanza kushindwa tangu tuhamie. Nami nilisimama pale uani nikapiga kigelegele kama cha harusi, mama yangu akatoka ndani na mwiko mkononi akiuliza nani anaolewa.

Ukifika, dada, usije kimya kimya. Simama barabarani, mwite kwa jina lake, mtaa mzima usikie. Ataitika.

Mdogo wako, haya nimekubali,
mama mdogo wa Zawadi